Ndege wa Ziwa: Kumuuza Mara Moja au Mara Mia?

Na Mwandishi Wetu, Mirongo, Mwanza

WAFANYABIASHARA wa Mwanza wamezoea kuhesabu mali ya Ziwa Victoria kwa mizani. Sangara hupimwa kwa kilo, dagaa kwa ndoo na gunia, na bei ya asubuhi katika mwalo wa Kirumba ndiyo inayoamua siku itakuwaje kwa mama lishe, dereva wa lori na mwenye duka la nyavu. Lakini ipo mali nyingine ya ziwa hili ambayo hatujaizoea mizanini, nayo ni ndege wa porini wanaokaa juu ya mawe, matete na mafunjo ya ufukwe wetu.

Mali hiyo imewahi kuuzwa. Iliuzwa ikiwa hai, ndani ya vizimba, kwa makumi ya maelfu, na biashara hiyo ikafa. Swali ambalo safu hii inaliweka mezani wiki hii ni kama mali hiyo hiyo inaweza kuuzwa kwa njia nyingine: mnunuzi aje mwenyewe, alipe, apige picha, aondoke, na ndege abaki pale pale akimsubiri mnunuzi wa kesho.

Huko Ulaya biashara hiyo ina desturi zake. Ni safari za kuongozwa za kupiga picha za ndege kutoka vifichoni, na nyingi hufanyika majira ya baridi, kati ya Desemba na Februari. Mteja hulipa ili akae kimya saa kadhaa ndani ya kibanda, huku theluji ikianguka nje, akingoja tai ashuke. Kwa mtu wa Mirongo jambo hilo linaweza kuonekana kama mzaha. Kwa mwenye kibanda ni kitega uchumi.

KIFICHO NI NINI

Kificho ni kibanda kidogo kilichojengwa mahali ambapo ndege wamezoea kutua, kunywa au kula. Kina tundu la kupitishia lenzi, kiti cha kukalia muda mrefu na kuta zinazomficha mtu asionekane. Ndege huogopa umbo la mwanadamu kuliko anavyoogopa kibanda. Akishakizoea, hutua hatua chache tu kutoka kwa mpiga picha.

Wazo hili ni la zamani. Ndugu wawili wa Uingereza, Richard na Cherry Kearton, walikuwa miongoni mwa waanzilishi wa upigaji picha za ndege wa porini katika miaka ya 1890. Mwaka 1900 walitumia ng'ombe wa bandia, ngozi ya ng'ombe halisi iliyotandazwa juu ya fremu, na mpiga picha akajificha tumboni mwake. Usukumani, ambako ndege hutembea katikati ya mifugo bila wasiwasi, mantiki ya ng'ombe yule haihitaji maelezo.

Siku hizi ufundi umesonga mbele. Bence Máté wa Hungary, aliyeshinda tuzo ya Mpiga Picha Bora wa Wanyamapori wa Mwaka 2010 inayotolewa London, alijipatia sifa kwa vificho vyenye vioo vya upande mmoja: aliye ndani anaona nje, ndege aliye nje haoni ndani. Vificho alivyobuni viko pia Zimanga, hifadhi binafsi katika jimbo la KwaZulu-Natal, Afrika Kusini, ambako wageni hutoka mbali kwa ajili ya vibanda hivyo tu. Kenya nao wana kificho cha picha kwenye kisima cha maji huko Shompole, kusini mwa nchi yao.

Mfano unaomfaa zaidi mwekezaji mdogo uko Wales. Shamba la Gigrin, lililoko Rhayader, ni shamba la mifugo. Tangu miaka ya 1990 mwenye shamba huwawekea mwewe wekundu nyama kila siku kwa saa maalumu, nao humiminika kwa mamia. Mtazamaji wa kawaida hulipa kiingilio, na mwenye kamera anayetaka kificho cha picha hulipa zaidi. Mifugo haikuondolewa. Shamba lilipata zao la pili juu ya ardhi ile ile, tena katika miezi ambayo mkulima wa kule hana kazi nyingi.

MZIGO UNAOJILETA WENYEWE

Kwa upande wa bidhaa, Mwanza haina sababu ya kulalamika. Ndege wakazi wapo mwaka mzima. Juu ya Jiwe la Bismarck na mawe mengine ya ghuba hukaa mnandi wakianika mabawa. Kwenye miti ya ufukweni hulia furukombe, yaani tai mla samaki mwenye kichwa cheupe. Yangeyange hufuata wavuvi, na mdiria mweusi na mweupe huning'inia hewani kabla ya kujitupa majini kama jiwe.

Mdiria huyo anafaa kuzingatiwa na kila mfanyabiashara. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Leiden cha Uholanzi, waliofanya kazi katika Ghuba ya Mwanza tangu miaka ya 1970, waliona kwamba sangara alipowamaliza furu, mdiria hakufa njaa. Alihamia kwenye dagaa, ambao walikuwa wameongezeka. Kwa lugha ya soko, alibadili bidhaa baada ya muuzaji wa kwanza kufunga duka.

Juu ya wakazi hao huja wageni. Kuanzia Oktoba na Novemba, baridi inapoingia Ulaya na Asia, ndege wengi wa huko hushuka kusini. Mbayuwayu mwenye uzito wa gramu 20 hivi huvuka Jangwa la Sahara na kufika kwetu. Keremkerem wala nyuki hupita kwa makundi. Chamchanga, vijindege vyenye miguu myembamba, hutembea kwenye tope la ukingoni, na shakwe wadogo wenye mabawa meupe huzunguka juu ya maji. Wengi huondoka Machi na Aprili kurudi kwao kuzaa.

Maana yake kibiashara ni hii: wakati mteja wa Ulaya anaganda na baridi, sehemu ya ndege wake wako huku, pamoja na wetu ambao kwao hawapo kabisa. Mzigo huu haulipiwi nauli wala ushuru bandarini. Unajileta wenyewe kila mwaka, na msimu wake unajulikana.

Maeneo pia yapo. Ghuba ya Mwanza, pamoja na Ghuba ya Mara na kinamasi cha Masirori, zimo katika orodha ya maeneo muhimu kwa ndege nchini. Kisiwa cha Saanane kiko dakika chache kwa boti kutoka Capri Point. Kilianza mwaka 1964 kama bustani ya kwanza ya wanyama nchini na kikawa hifadhi ya taifa mwaka 2013. Kisiwa cha Rubondo, hifadhi ya taifa tangu 1977 yenye kilometa za mraba 456, ni maarufu kwa wingi wa furukombe na kwa kisiwa kidogo ambacho ndege wa majini hukitumia kuzalia. Upande wa mashariki, barabara ya Musoma humfikisha mgeni lango la Ndabaka la Serengeti.

Usafiri nao umepata nafuu. Daraja la J.P. Magufuli kati ya Kigongo na Busisi, lenye urefu wa kilometa tatu hivi, lilifunguliwa Juni 2025. Mgeni wa Rubondo anayepitia Sengerema na Geita hasubiri tena kivuko. Kwa mpiga picha hilo si dogo, kwa sababu lenzi zake za milimita 400 hadi 600 ni nzito, na ndege ndogo za abiria huwa kali kwa mizigo.

FUNZO LA KASUKU WA FISCHER

Kabla ya kufungua daftari la hesabu, ni vyema kukumbuka biashara iliyotangulia. Kusini na kusini-mashariki mwa Ziwa Victoria, pamoja na Ukerewe, ndiko nyumbani kwa kasuku mdogo wa kijani, mwenye kichwa cha rangi ya chungwa, mdomo mwekundu na duara jeupe kuzunguka macho. Wataalamu humwita kasuku wa Fischer, kwa jina la mpelelezi wa Kijerumani wa karne ya 19. Kwa asili hupatikana hasa katika ukanda huu wa kaskazini mwa Tanzania.

Kwa wanunuzi wa nje alikuwa bidhaa bora: mdogo, mzuri, anayezoea kizimba. Alinaswa kwa wingi hata mwaka 1987 akatajwa kuwa ndege wa porini aliyeuzwa kuliko wote duniani. Tanzania ilikuwa wakati huo miongoni mwa nchi zilizoongoza kwa kusafirisha ndege hai. Wengi walikufa wakiwa bado kwenye vizimba au njiani, na hasara hiyo haikuandikwa kwenye ankara yoyote.

Kisha soko likaanza kufungwa, mlango baada ya mlango. Mashirika mengi ya usafiri wa anga yaliacha kubeba ndege wa porini. Mwaka 1992 Marekani ilipitisha sheria ya kuzuia uingizaji wa aina nyingi za ndege hao. Mwanzoni mwa miaka hiyo ya 1990 Tanzania yenyewe ilisimamisha biashara ya kasuku wa Fischer. Umoja wa Ulaya uliweka zuio la muda Oktoba 2005 kwa hofu ya mafua ya ndege, na Julai 2007 ukalifanya la kudumu. Mwaka 2016 Serikali ilipiga marufuku usafirishaji nje wa wanyamapori hai wote. Juni 2022 ilitangazwa ruhusa fupi ya kumalizia shehena zilizokwama, nayo ikasitishwa mara moja.

Aliyekuwa ameweka mtaji wake kwenye vizimba aliachwa na vizimba. Na kasuku mwenyewe, ambaye aliwahi kuonekana kama mali isiyokwisha, sasa amewekwa katika kundi la viumbe wanaokaribia kuwa hatarini.

Lakini ipo faida iliyobaki. Kasuku wa aina hii wanaoonekana Naivasha, Kenya, ni wazao wa waliotoroka vizimbani, na wengi wamechanganya damu na ndugu zao wenye vichwa vyeusi. Mpiga picha anayemtaka kasuku wa Fischer halisi, kwenye mbuyu wa asili yake, hana budi kuja huku. Aidha, ndege huyu hula mbegu kavu na huhitaji kunywa maji kila siku. Hivyo kificho kilichowekwa vizuri kando ya kidimbwi humleta mbele ya lenzi bila kumnasa wala kumbughudhi. Na kwa kuwa ni mkazi, hata kiangazi cha Juni hadi Septemba, wageni wa Serengeti wanapokuwa wengi, yeye yupo.

Hapo ndipo ilipo tofauti ya biashara hizi mbili. Kasuku aliyenaswa aliuzwa mara moja, na aliyepata bei kubwa alikuwa mbali na Mwanza. Kasuku anayekunywa maji kidimbwini anauzwa leo, kesho na mwakani, na fedha inalipwa hapa hapa.

MAJIRANI WAMETUTANGULIA

Isidhaniwe kuwa haya ni mambo ya Wazungu tu. Kwenye ziwa letu hili hili, upande wa Uganda, kipo kinamasi cha Mabamba karibu na Entebbe, kilichoingizwa katika orodha ya ardhi oevu za kimataifa mwaka 2006. Pale anaishi korongo mkubwa mwenye mdomo mfano wa kiatu. Wavuvi walimhesabu kuwa mkosi: ukikutana naye asubuhi, samaki hupati. Leo baadhi ya wavuvi hao ni viongozi wa wageni, wenye mitumbwi ya kupeleka watalii kumtafuta ndege yule yule. Mkosi umegeuka kuwa mshahara.

Kisumu nako, kwenye mwalo wa Dunga, vijana hutembeza wageni kwenye mafunjo kutafuta ndege wasiopatikana penginepo. Mafunjo ya namna hiyo yapo pia kwenye pwani yetu, hasa kuelekea Mara. Tunachopungukiwa ni mtu wa kuyapanga yawe bidhaa yenye bei, muda na mahali pa kukaa.

HESABU ZA MEZANI

Tuchukue mfano. Takwimu zifuatazo ni za kufundishia tu. Msomaji aziondoe na kuweka bei alizopata dukani na kijijini kwake.

Tuseme mwekezaji anaanza na vificho viwili, kila kimoja cha watu wawili. Mbao, turubai, viti, maboya ya kuokolea na choo cha muda vimemgharimu Sh. 6,000,000. Gharama za mwaka zisizojali kama mgeni kaja au hakuja, yaani leseni, mlinzi na matengenezo, ni Sh. 3,000,000. Kila mgeni anamgharimu Sh. 60,000 kwa siku, kwa ajili ya mtumbwi, kiongozi, chakula na ada ya kijiji. Anamtoza Sh. 150,000.

Kila mgeni anaacha Sh. 90,000. Ili kufidia gharama za mwaka, mwekezaji anahitaji wageni 34, tukihesabu mgeni mmoja kwa siku moja. Ili kurudisha na mtaji wote katika mwaka wa kwanza, anahitaji 100. Msimu wa Novemba hadi Machi una siku 151, na kwa viti vinne hizo ni nafasi 604. Hivyo anatakiwa kujaza nafasi moja katika kila sita. Kwa karatasi, biashara inasimama.

Sasa tugeuze karatasi. Akipata wageni 40 tu kwa mwaka, atabakiwa na Sh. 600,000 baada ya gharama, na mtaji utarudi kwa miaka 10. Mbao za ufukweni zitakuwa zimeoza zamani.

Akimpata mgeni kupitia wakala wa Arusha anayekata asilimia 20, kila mgeni anaacha Sh. 60,000 badala ya 90,000. Sasa anahitaji wageni 50 kufidia mwaka na 150 kurudisha kila kitu.

Na je, jirani akifungua kificho chake na wote wawili wakaanza kushushiana bei hadi Sh. 100,000? Kila mgeni ataacha Sh. 40,000, na idadi ya kufidia mwaka itapanda kutoka 34 hadi 75. Bei imeshuka kwa theluthi moja, lakini kazi imeongezeka zaidi ya mara mbili. Wauza dagaa wanalijua jambo hili vizuri. Wenye vificho wakikubaliana mapema kuhusu ubora, na kila mmoja akashika aina yake ya ndege, watafaidika kuliko wakigombea mdiria mmoja.

KAZI YENYEWE ILIVYO

Anayefikiri kuwa kazi ni kujenga kibanda na kukaa kusubiri fedha atapotea. Mwanza, jua huchomoza kabla kidogo ya saa moja asubuhi na kupanda haraka. Mwanga mzuri wa asubuhi kwisha ni kabla ya saa tatu. Wa jioni huanza saa kumi. Kati ya hapo jua huwa kali na picha hupoteza rangi. Hivyo mgeni anatakiwa kuwa ndani ya kificho gizani, saa kumi na moja na nusu alfajiri, kabla ndege hawajaamka. Aliyechelewa anawaharibia wenzake wote.

Kificho cha asubuhi huelekezwa magharibi ili jua liwe mgongoni, na cha jioni huelekezwa mashariki. Tundu la lenzi liwe chini, karibu na usawa wa maji, kwa kuwa picha inayompendeza mteja ni ile inayomwangalia ndege jicho kwa jicho. Nyuma ya ndege pawe safi. Mteja aliyelipa nauli kutoka Ulaya hataki chupa ya plastiki nyuma ya furukombe.

Hapo Mirongo inaingia katika hesabu. Mto Mirongo unapita katikati ya jiji na kumwaga ziwani kila kilichotupwa ndani yake, na mvua ikinyesha sana mto hufurika. Mifuko ya plastiki ilipigwa marufuku nchini Juni 1, 2019, lakini chupa na maji machafu bado vinateremka. Mwenye duka kando ya mto na mwenye kificho kando ya ziwa wako kwenye daftari moja, hata kama hawajuani.

Kiongozi wa mgeni naye awe mtu anayejua ndege kwa sauti na tabia, si dereva aliyepewa kitabu. Mvuvi aliyekaa ziwani miaka 20 anajua mdiria anatua kijiti kipi. Ajira hiyo ni yake akifundishwa majina ya kimataifa na namna ya kuzungumza na mgeni.

SHERIA NA HATARI ZAKE

Kwanza, Sheria ya Mazingira ya mwaka 2004 inazuia shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa ziwa. Anayemwaga zege ufukweni anajitafutia hasara. Kificho cha turubai kinachokunjwa baada ya msimu ndicho cha kufikiriwa, na hata hicho kiulizwe kwanza kwa wahusika wa mazingira. Pili, ndani ya Saanane na Rubondo hakuna mtu wa kujenga chochote bila TANAPA. Tatu, biashara ya kuongoza watalii inahitaji leseni ya utalii, na chombo cha majini kinakaguliwa na TASAC. Nne, ndege wa porini ni mali ya umma chini ya Sheria ya Wanyamapori ya mwaka 2009. Anayeuza picha anauza nafasi ya kukaa. Ndege si wake.

Ziwa nalo lina tabia zake. Mei 2020 maji yalipanda kufikia kiwango cha rekodi, na mwaka 2024 yakapanda tena, yakameza fukwe na nyumba. Mwanzoni mwa 2025 magugu maji yalisumbua vivuko vya Kigongo na Busisi. Viboko na mamba hawasomi ratiba ya wageni.

Hatari kubwa kuliko zote ni soko lenyewe. Mwaka 2019 Tanzania ilipokea watalii 1,527,230. Mwaka 2020, kwa sababu ya UVIKO-19, walishuka hadi 620,867. Walipanda hadi 2,141,895 mwaka 2024, lakini funzo limebaki: mgeni wa nje anaweza kukatika ndani ya wiki moja. Taarifa za ugonjwa wa Marburg katika Mkoa wa Kagera mwaka 2023 na 2025 zilitosha kuwafanya wasafiri waulize maswali. Kwa hiyo biashara hii isiwe tegemeo la kwanza la mtu. Inafaa kuwa zao la pili la mwenye nyumba ya wageni, mwenye boti au mwenye shamba la ufukweni.

NANI ALIPWE

Jambo la mwisho ndilo litakaloamua kama kificho kitadumu. Si kila mtu anampenda ndege. Mkulima wa mpunga anawajua kwelea kwelea kama wezi, na dawa inayopuliziwa kuwaua haichagui. Huua na wasiohusika. Mwanamke anayekata mafunjo kwa ajili ya mikeka anayahitaji leo. Mvuvi wa kokoro anaupenda ufukwe ule ule ambao mpiga picha anautaka ukae kimya.

Watu hawa wakiona magari ya wageni yanapita bila wao kuambulia kitu, kificho kitachomwa moto au mafunjo yatafyekwa yote, na hakuna mlinzi atakayezuia. Wakilipwa kwa kila mgeni, kwa stakabadhi, kiasi kikabandikwa kwenye ubao wa ofisi ya kijiji, mafunjo yatakuwa na walinzi wengi wasiodai mishahara. Ndiyo maana ada ya kijiji, katika mfano wetu, imewekwa kwenye gharama za kila mgeni. Mwekezaji anayeiona kama sadaka ya kutolewa faida ikipatikana amekosea mahali pa kuiandika.

USHAURI KWA MWENYE NIA

Anayevutiwa na wazo hili asianze kwa kununua mbao. Aanze na daftari la shilingi mia chache. Kuanzia Novemba hadi Machi, achague sehemu mbili au tatu za ufukwe, amwombe mvuvi mmoja wa kuaminika amsaidie, na kila wiki aandike: ndege gani ametua, saa ngapi, juu ya nini, jua likiwa upande gani, na nani alipita akamfukuza. Msimu mmoja wa daftari hilo utamwonyesha mahali pa kuweka kificho, au utamwonyesha kuwa sehemu ile haifai kabla hajatoa hata senti.

Wakati huo huo azungumze na serikali ya kijiji, aulize leseni, na atafute wenye hoteli wawili wanaopokea wageni wa Serengeti na Rubondo, awaulize kama wana wateja wenye kamera kubwa. Wakisema hapana, asubiri. Wakisema ndiyo, aweke kificho kimoja cha turubai cha watu wawili, atoze bei inayolipa, na faida ya mwaka wa kwanza airudishe kwenye kificho cha pili.

Mtaji wa kuanzia ni mdogo kuliko wa biashara nyingi za ziwani. Kinachoweza kuupoteza ni haraka, na kufyekwa kwa mafunjo. Mbao zikioza zinanunuliwa nyingine mjini. Ufukwe ukishafyekwa, ndege atatafuta ghuba nyingine, na mteja atamfuata huko huko na fedha zake.